Aliyebaka akiwa mtoto atabaka milele? Hapana!

Wandugu, mu mitaa yetu, kila mara kijana wa miaka 14 ao 15 anashitakiwa ubakaji, utasikia: «Huyu ashaharibika, akikomaa itakuwa mbaya zaidi.» Halafu watu wanaleta tairi na petroli.

Sisi tunasema ni uongo.

Mwaka 2016 Mmarekani Michael Caldwell alikusanya tafiti 106, zenye vijana zaidi ya 33,000 waliokwisha kufikishwa mbele ya sheria kwa makosa ya ngono. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka karibu 5. Waliorudilia kosa lile lile hawakufika hata 5 kwa 100. Ndiyo, zile si hesabu za Goma wala Bukavu, na zinaona paka wale kesi yao ilirudi mbele ya wakubwa. Zidisha basi mara tatu: bado wengi sana hawarudilii.

Lakini musitusikie vibaya. Kuna wale watafurahia hesabu hii juu ya kuendelea na michezo yao ya kupatana chini ya mti: baba wa mutoto musichana anapewa mbuzi, dola kidogo, kreti ya bia, kesi imeisha. Na yeye je? Kila asubuhi anaenda kuchota maji, anamukuta yule kijana pale pale ku avenue. Nani alimuuliza? Ile hatuite msamaha, ni biashara. Na mbuzi haifuatilie mtu.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inafuatilia. Chini ya miaka 14, mtoto hapewi hatia. Kuanzia 14 mpaka kabla ya 18, kesi yake ni ya tribinali ya watoto, milango imefungwa, na mwamuzi anaweza kumuweka chini ya uangalizi. Si kumutupa mu selule moja na wakubwa, ambako atatoka amejifunza mengine. Ila tribinali hiyo haiko kila teritware, serkali inajua.

Tunadai: tribinali za watoto zifunguliwe kule haziko, maasistan sosiali walipwe, na musichana atunzwe bila familia yake kutoa hata franka moja. Na wewe chefu wa avenue, mbuzi ya namna ile ikifika kwako, irudishe, kisha uwapeleke wote mbele ya mwamuzi.