Nyumba Njema si Mlango

Wazee walisema nyumba njema si mlango. Msomaji akifika Nairobi, na aizuru nyumba ya mlowezi wa Denmark, bibi Karen Blixen, karibu na vilima vya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912; yeye aliikalia toka 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa lilipofilisika. Denmark iliizawadia Kenya mwaka 1964, na tangu 1986 ni makumbusho, vyumba vimepambwa kama siku za mwenyewe.

Vizuri. Lakini bibi hakuiendesha nyumba peke yake. Msimamizi wake alikuwa Farah Aden, Msomali Mwislamu, na fedha za matumizi zilipita mkononi mwake. Mpishi alikuwa Kamante Gatura. Kahawa ililimwa na Wakikuyu waliofanywa maskwota.

Basi tusiishie sebuleni. Tutoke hadi jikoni, tumwulize anayetutembeza habari za watu hao, na watoto wetu wasikie majina yao pamoja na la bibi. Kumkumbuka mwenye nyumba na kumsahau mtumishi ni kueleza nusu ya habari. Na nusu ya habari haiko mbali na uongo.