Nani Aliyeanza Kukimbia?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Katika siku hizo tulipita mwalo wa Kibirizi baada ya swala ya alasiri. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani, nyavu zimekunjwa, na vijana wamekaa bila kazi. Mmoja wao tunamfahamu tangu utoto wake. Alihitimu Qur'an katika madrasa ya hapa Ujiji, na kisomo chake kilikuwa kikiwaliza wazee. Tulimtolea salamu mara mbili asisikie. Masikio yake yalikuwa yamezibwa na spika ndogo zitokazo kwenye simu. Tulipomgusa bega ndipo alipozing'oa kwa haya.

"Shikamoo, sheikh. Nisamehe, sikukusikia. Ni albamu mpya ya Sisso na Maiko, Singeli ya Maajabu. Leo naisikiliza mara ya tatu."

Tukamuuliza: "Mwanetu, mara ya mwisho ulisoma lini juzuu moja mara tatu kwa siku?" Akainamisha kichwa.

Wengi wa wasomaji wetu wanaijua singeli kwa kelele zake tu, nasi hatupendi kuhukumu jambo tusilolijua. Muziki huu ulizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati. Unatokana na mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya umeme, na vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi kwa kompyuta. Sisso ana studio yake Mburahati. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio hiyo, na tangu hapo singeli imekuwa ikichezwa katika kumbi za Ulaya. Kinachoutofautisha na miziki mingine ni kasi. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mengine hukaribia 300, ilhali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100.

Msimamo wetu kuhusu ala za muziki haujabadilika. Tunaifahamu aya ya 6 ya Surat Luqman kama alivyoifahamu Ibn Mas'ud (r.a.), na tunaitegemea hadithi iliyomo katika Sahih al-Bukhari inayowataja watu watakaozihalalisha ala hizo. Hii ndiyo kauli ya wanazuoni walio wengi. Hatuwafichi wasomaji kwamba wapo waliokhitalifu, akiwemo Ibn Hazm, aliyeitilia dosari sanadi ya hadithi hiyo. Lakini hatukushika kalamu mwezi huu ili kurudia hukumu ambayo kila msikiti umekwisha kuisikia. Tumeishika kwa sababu ya jibu tulilopewa na kijana yule.

Tulimwambia: "Mwanetu, achilia mbali halali na haramu. Tazama kasi hii inavyoufanya moyo wako. Mtu aliyezoea mapigo mia mbili kwa dakika atasimamaje mbele ya Mola wake kwa utulivu? Atarukuu vipi, atasujudu vipi?"

Akatutazama kwa adabu, kisha akasema: "Sheikh, nisamehe kwa nitakalosema. Mbona na tarawehe yetu ni singeli?"

Wallahi, tulinyamaza. Tulitafuta jibu tusilipate, kwa maana lilikuwa neno la kweli.

Ndugu zangu, ni nani miongoni mwetu asiyejua yanayopita katika misikiti yetu kila Ramadhani, kutoka Mwanga hadi Gungu, kutoka Ujiji hadi vijiji vya pwani ya ziwa? Fatiha husomwa kwa pumzi moja. Maamuma hajatamka tasbihi ya kwanza ya rukuu, imamu amekwisha kuinuka. Sijida mbili hupita kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Na imamu akimaliza mapema kuliko msikiti wa jirani, husifiwa kuwa ni imamu mwepesi, na watu huhamia kwake!

Je, hatukumbuki kisa kilichopokewa na Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim? Mtu aliswali kwa haraka mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akamrudisha mara tatu, akimwambia kwamba hajaswali. Je, hatukusoma katika Sunan ya Abu Dawud kukatazwa kudonoa katika swala kama adonoavyo kunguru? Na aya ya 4 ya Surat al-Muzzammil, inayoamrisha Qur'an isomwe kwa tartili, je, iliteremshwa kwa ajili ya mashindano ya kisomo peke yake?

Kwa miaka mingi tumegombana hapa kuhusu idadi: nane au ishirini. Watu wamehamiana misikiti na ndugu wamenuniana. Hatukuwahi kugombana kwa ajili ya utulivu. Wenye nane wanakimbia, na wenye ishirini wanakimbia. Sisi tunaoandika katika ukurasa huu tumo katika lawama hiyo. Tumehesabu rakaa za wenzetu na kusahau kupima sijida zetu.

Wala unafiki wetu hauishii hapo. Mzazi anayemgombeza mwanawe kwa sababu ya spika za masikioni ndiye anayekodi maspika makubwa siku ya harusi ya binti yake, na mtaa mzima haulali. Mwaka 2012, wasanii wenye asili ya mkoa wetu walipojikusanya kwa jina la Kigoma All Stars na kuimba Leka Dutigite, ni wangapi miongoni mwetu tulioona fahari kimyakimya? Muziki wa wenye majina tuliupokea kama sifa ya mkoa. Muziki wa mvuvi asiye na kazi ndio unaotukumbusha mimbari.

Mvuvi wa dagaa hutufundisha kwa kazi yake. Usiku wa giza huwasha taa, akasubiri. Hatupi wavu taa inapowaka. Husubiri samaki wapande na wakusanyike kwenye mwanga. Moyo wa mja nao hauji kwenye nuru kwa kukurupushwa. Ukiinua wavu mapema utavuta maji matupu, nasi tumekuwa tukivuta maji matupu Ramadhani nyingi.

Basi tunayataka mambo mawili. Kwanza, kila kamati ya msikiti izungumze na imamu wake kabla ya Shaabani kwisha. Asome aya kwa vituo, na awape maamuma muda wa kutimiza tasbihi tatu katika kila rukuu na kila sijida. Kama watu watachoka, juzuu ipunguzwe, utulivu usipunguzwe. Pili, mzazi asimkataze mwanawe yale aliyoyalipia mwenyewe harusini.

Kijana yule hatukumnyang'anya simu yake. Tulimwomba atusomee, naye akasoma Surat ar-Rahman pale mchangani, taratibu, akisimama penye vituo. Wenzake walikuja mmoja mmoja wakakaa kimya. Alipomaliza alituambia kuwa atarudi msikitini Ramadhani ikifika, akimpata imamu atakayemngojea katika rukuu.

Imamu huyo atampata wapi? Hilo ndilo swali tunaloliacha katika safu zenu.

Wabillahi tawfiq.