Msimu wa Ushindi Mara Mbili

Mtoto arudipo kutoka uwanjani, swali letu la kwanza huwa moja: "Mmeshinda?" Wiki hii tumependa kuwasimulia msimu mmoja wa mpira ambao swali hilo haliutoshi. Ni msimu wa mwaka 1971 wa timu ya Chuo Kikuu cha Marshall, katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, Marekani.

Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ambao hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa teke.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1970, timu hiyo ilikuwa ikirejea kwa ndege kutoka North Carolina, ambako ilikuwa imeshindwa na East Carolina kwa alama 17 kwa 14. Katika mvua na ukungu, ndege ilianguka ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kutua. Watu wote 75 waliokuwamo walifariki: wachezaji 37, makocha, wahudumu wa ndege, na watu wa mji waliofuatana na timu yao. Watoto wapatao 70 walipoteza mzazi, na 18 kati yao waliondokewa na baba na mama usiku huo mmoja. Sisi watu wa pwani, tuliokulia mlangoni pa bahari, hatuna haja ya kuelezwa maana ya chombo kilichotoka kisirudi.

Baada ya mazishi likazuka swali: je, timu ivunjwe? Walikuwapo walioona kwamba kucheza tena ni kuwakosea heshima marehemu. Walikuwapo pia, hasa wanafunzi, walioona kwamba kuacha ndiko kuwazika mara ya pili. Pande zote mbili zilisema kwa mapenzi, na hatuthubutu kuulaumu hata mmoja. Hatimaye waliamua kuendelea, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kocha mpya, Jack Lengyel, alianza karibu na sifuri. Alikuta wachezaji wachache ambao hawakusafiri siku ile, akaongeza vijana wa michezo mingine wasiouzoea mpira huo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo kiliwaruhusu kuwachezesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, jambo ambalo kanuni za wakati ule zilikataza. Naye Bobby Bowden, kocha wa chuo kikuu jirani cha West Virginia, aliwafungulia mlango makocha wa Marshall wajifunze mbinu za timu yake. Ujirani mwema ndio huo.

Mechi ya kwanza walifungwa na Morehead State kwa alama 29 kwa 6. Wiki iliyofuata, tarehe 25 Septemba, walicheza nyumbani na Xavier. Muda ulikwisha mpira ukiwa bado unachezwa, na katika mchezo huo wa mwisho Reggie Oliver alimrushia Terry Gardner, akakimbia nao hadi kuuvuka mstari. Marshall 15, Xavier 13. Msimu wote walishinda mara mbili na kushindwa mara nane. Miaka ya kushindwa iliendelea hadi 1984, na mwaka 1992 wakatwaa ubingwa wa taifa wa daraja lao.

Lakini tusimsahau Red Dawson, kocha msaidizi aliyesalimika kwa kuwa alirejea kwa gari. Alifundisha msimu huo mmoja, kisha akauacha ukocha. Naye hakukosea. Kila mtu ana kadiri ya mzigo awezao kuubeba.

Wala kucheza hakukuwa kusahau. Katika uwanja wa chuo ipo chemchemi ya ukumbusho. Kila tarehe 14 Novemba watu hukusanyika, majina ya marehemu husomwa, kisha maji hufungwa, yasitiririke tena hadi majira ya kuchipua.

Hapo ndipo tunapoliona funzo kwa nyumba zetu. Matanga yana siku zake na eda ina miezi yake. Huzuni imewekewa mpaka ili walio hai wapate kuishi. Mtoto aliyefiwa akitaka kurudi mpirani, tumwache arudi. Akicheka, tusimkemee kana kwamba amemsaliti marehemu. Ndugu yake akihitaji muda zaidi, naye tusimharakishe. Na siku ya kumkumbuka aliyetutoka ikifika, tukae pamoja, tumtaje kwa jina na tumwombee.

Mola awarehemu waliotutangulia na atujaalie subira njema. Tukutane wiki ijayo, inshallah.