Fundi wa Kibera naye apate wakala wa hataza

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo wengi huwatajia wafanyabiashara, lakini inamhusu zaidi fundi wa jua kali anayechomelea vyuma kando ya barabara huko Kawangware, na mwenzake wa Kibera anayechonga mapambo kutokana na mifupa ya ng'ombe.

Tuseme fundi wa Kawangware amebuni wenzo unaoiwezesha mashine ya kukatia majani ya mifugo kuendeshwa na mtu mmoja badala ya wawili. Anaiweka nje ya kibanda ili wateja waione. Kabla ya mwezi kwisha, mwenye karakana kubwa ameiiga na anaiuza kwa bei ambayo fundi wetu hawezi kushindana nayo. Atalalamika, lakini hana hati yoyote ya kuonyesha.

Sheria ya kumlinda ipo. Zamani, aliyetaka hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake peke yake, alilazimika kuipata kwanza Uingereza ndipo aisajili hapa. Sheria ya 1989 ilikomesha utaratibu huo, na ile ya 2001 ikaunda taasisi ya KIPI. Hataza hudumu miaka 20. Kwa ubunifu mdogo kama wenzo ule, kuna cheti chepesi zaidi cha miaka 10, ambacho hudai tu kwamba kitu kiwe kipya na kiweze kutumika katika uzalishaji.

Tatizo ni kuziandika hati hizo. Wakala wa hataza ni mtu wa taaluma mbili: sharti auelewe mtambo kama mhandisi na ayapime maneno kama mwanasheria. Kazi yake kuu ni kuandika madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile anachomiliki mbunifu. Akiandika "wenzo wa chuma", mwigaji atatengeneza wa mbao. Akiandika "wenzo" pekee, mkaguzi atakataa, kwa kuwa wenzo umejulikana tangu kale. Huko Ulaya, anayetaka kazi hii huhitaji shahada ya sayansi au uhandisi, miaka kadhaa ya kufunzwa na mkongwe, kisha mtihani mgumu.

Mawakala tunao Nairobi. Hata hivyo, sheria humlazimu mwombaji aishiye ng'ambo kumtumia wakala wa hapa, na mteja huyo ndiye mwenye fedha. Fundi anaruhusiwa kujiombea mwenyewe, lakini ni nani atakayemwandikia madai yake?

Isitoshe, muda haumsubiri. Sheria yetu humpa mbunifu miezi 12 tangu alipoidhihirisha kazi yake hadharani. Baada ya hapo, haihesabiwi tena kuwa mpya. Fundi ambaye kiwanda chake ni ukingo wa barabara huanza kuhesabiwa siku hizo bila kujua.

Wako watakaosema kwamba jua kali limekua kwa kuigana, na kwamba jiko la kauri lilienea nchini katika miaka ya 1980 bila hataza. Ni kweli. Lakini majaribio ya jiko hilo yalisaidiwa na mashirika na wafadhili. Fundi wa Kawangware hujaribu kwa fedha za unga wa watoto wake. Akitaka kuwagawia wenzake ubunifu wake, na agawe kwa hiari yake.

KIPI na mawakala hawana budi kutenga angalau siku moja kila mwezi ya kuwashauri mafundi katika afisi za machifu wa Kibera na Kawangware. Vijana waliohitimu uhandisi nao wafunzwe kazi hii. Wakala mwaminifu hata atamwambia fundi wakati ambapo hataza haina faida, ili asipoteze fedha zake bure.

Tumewasifu mafundi wa jua kali kwa miaka mingi. Sasa tuwapatie daftari.