Maji ya Mto Mara yaingie darasani, watoto wajifunze kuyapima

MTO Mara, unaoanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya na kuishia Ziwa Victoria, hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti. Watoto wa pande zote mbili hufundishwa shuleni kwamba maji safi hayana rangi, harufu wala ladha. Kisha hutumwa kuchota, wakayakuta yana vyote vitatu.

Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka Mgodi wa Dhahabu wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mara. Machi 2022, maji ya Mara yenyewe yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kuwa chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi waliipokea taarifa hiyo kwa mashaka, wengine kwa kejeli.

Waliokejeli na walioamini walikuwa na jambo moja la pamoja: wachache mno kati yao waliwahi kufundishwa kupima maji.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 hadi madarasa ya awali, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Kisingizio kinachosikika ni ukosefu wa maabara, nacho ni dhaifu. Rosela iliyochemshwa hutoa maji mekundu. Ukiyadondoshea limao, wekundu huzidi, na ukiyatia maji ya majivu, huelekea kijani. Mtoto wa miaka 6 anayeona hayo ameanza kuielewa tindikali kabla hajalijua jina lake. Samadi na majani yakiachwa na mwalimu siku kadhaa katika chupa ya maji iliyolegezwa kifuniko, weusi na uvundo vitajitokeza. Jaribio hilo lisingemaliza ubishi wa 2022, kwani halioneshi kama kulikuwa na sumu nyingine, lakini lingeupa ubishi huo mahali pa kuanzia.

Liko pia lile jaribio maarufu la kuchuja tope kwa kokoto, mchanga na mkaa. Hapo pana hatari. Maji hutoka meupe, na mtoto huamini yanafaa kunywa, ilhali vijidudu na madini yenye sumu huweza kupita. Mwalimu asiyelisema hilo ni afadhali asingefundisha kabisa. Aidha, maji ya majaribio yatoke bombani au kisimani, si katika mto unaotiliwa shaka.

Kuhusu gharama, marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanautaka mgodi ukubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa huduma kwa jamii. Chupa na rosela ni fedha ndogo mno katika mpango wa aina hiyo. Swali gumu zaidi kwa madiwani wa Tarime ni iwapo mgodi unafaa kugharamia somo la kupima maji yanayopita jirani yake. Serengeti, isiyo na mgodi huo, italazimika kutafuta fungu lake kwingine.