Wapagazi wa Vita Vikuu: Deni la Jina

Kila siku maelfu yetu huingia Kariakoo, Dar es Salaam, kununua na kuuza, bila ya kukumbuka kuwa jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Babu zetu, Waislamu na wasio Waislamu, walibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na waliouawa na kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Leo mjukuu akitaka kujua babu yake alifia wapi, ataanzia wapi? Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 haina orodha ya majina. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Radhi ni jambo jema, lakini haitoshi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ujira wa mpagazi aliyekufa ni deni, na jina lisipojulikana, mrithi hajulikani. Basi kupotea kwa jina ni kupotea kwa haki.

Wapo watakaosema: waliokufa wamekwishakufa, tuwaombee dua yatosha. Dua hatuipingi. Lakini tumeamrishwa kuunga udugu, na udugu hauungwi na asiyejulikana.

Ndugu zetu, tunanasihi mambo matatu. Kwanza, wazee waulizwe wangali hai: jina la marehemu, la baba yake, na kijiji alichotoka. Pili, hayo yakalinganishwe na majalada yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam na Nairobi, au Kilimani, Zanzibar. Tatu, asizushe mtu nasaba kwa kutaka sifa: kisichopatikana kiachwe wazi, kwani kumzulia maiti ni uongo kama kumzulia aliye hai.

Nasi tuandike ya kwetu leo, wajukuu wasije wakatutafuta wasituone.

Wabillahi tawfiq.