Ardhi Yenye Sumu Haiwezi Kusubiri Hukumu

Ardhi ya mjini iliyowahi kubeba kiwanda, gereji, bohari ya mafuta au jaa la taka hugeuzwa mara nyingi kuwa makazi au soko bila udongo wake kupimwa, na pale unapopimwa ukakutwa na sumu, mjadala hukwama kwenye swali la nani alipe. Msimamo wa toleo hili ni kwamba fedha za umma hazina budi kutangulia: serikali isafishe kwanza kwa mfuko wa kudumu, kisha imdai mchafuzi, na imdai pia yeyote atakayenufaika na ardhi iliyosafishwa.

Mfano ulio karibu ni Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, Mombasa, ambako kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, yaani metali nzito iliyomo ndani ya betri hizo, kilifanya kazi kikipakana na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Vumbi la kiwanda cha namna hiyo hutua juu ya mabati, likaoshwa na mvua hadi kwenye ndoo na madumu ya maji, na linalobaki hukaa katika tabaka la juu la udongo, pale pale watoto wanapochezea kabla ya kutia vidole mdomoni. Risasi haiozi, na Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto ambaye ubongo wake ungali unakua. Ndiyo maana kufungwa kwa kiwanda kulikomesha moshi lakini hakukuondoa sumu. Udongo wa namna hiyo ama huchimbwa na kupelekwa kwenye dampo lililozibwa, ama hufunikwa kwa udongo safi, na kazi zote mbili zina gharama ambayo mkazi wa banda hawezi kuibeba.

Wakazi, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru mazingira yasafishwe katika muda wa miezi 4, la sivyo wadaiwa, zikiwemo taasisi za serikali, watoe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa amefika katikati ya shule ya msingi, na miaka ambayo risasi hudhuru zaidi ilikwisha kupita.

Kanuni ya mchafuzi hulipa, inayotaka gharama ya uchafu ibebwe na aliyeuleta, ni ya haki. Kasoro ni kuifanya sharti la kuanza kazi, ilhali kampuni huweza kufilisika au kukata rufaa miaka nenda miaka rudi. Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ililiona hilo, ikaanzisha mfuko wa taifa wa kurejesha mazingira kwa ajili ya hali ambazo mchafuzi hajulikani au mamlaka inalazimika kuingilia kati. Hata hivyo sheria hiyo iliuachia mfuko utegemee sehemu ya ada na dhamana itakayopangwa na waziri pamoja na michango, na mfuko unaongoja uamuzi wa waziri hauwezi kupeleka matingatinga mtaani kwa wakati.

Marekani ilianza mwaka 1980 kwa mfuko uliojazwa na kodi maalumu ya mafuta na kemikali, lakini kodi hiyo ilipokoma mwishoni mwa 1995 mzigo ulihamia kwa walipakodi wa kawaida, hadi sheria ya mwaka 2021 ilipoirejesha kodi ya kemikali. Lililo muhimu zaidi kwa miji ya Afrika Mashariki ni kifungu cha sheria ya huko ya mwaka 2002 kinachoiruhusu serikali kudai ongezeko la thamani ya kiwanja lililotokana na usafishaji uliogharamiwa na umma, ili mnunuzi asijipatie faida kwa jasho la wengine.

Pasipo kifungu cha aina hiyo, usafishaji unaweza kuwageukia wale wale waliodhurika, kwa kuwa mtaa uliosafishwa hupanda bei, na mpangaji asiye na hati huwa wa kwanza kuambiwa ahame. Kwa hiyo kila shilingi ya umma inayoingia kwenye udongo wa mtaa kama Owino Uhuru inapaswa kuambatanishwa, kabla ya tingatinga la kwanza kufika, na mkataba ulioandikwa unaomhakikishia mkazi aliyekuwepo haki ya kubaki, matokeo ya vipimo vya udongo yaliyobandikwa hadharani, na upimaji wa damu wa watoto unaoendelea baada ya makandarasi kuondoka.